Unameza dawa ya lehemu? Usiisahau sufuria ya jikoni

Katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo ambalo linazidi kugusa nyumba nyingi za mjini Bariadi na wilaya za Mkoa wa Simiyu kwa ujumla, nalo ni chakula cha mtu anayetumia dawa za kupunguza lehemu katika damu.

Zamani ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa matajiri wa Dar es Salaam. Leo si hivyo. Mfanyabiashara wa pamba, mwalimu, dereva, mama wa nyumbani na mkulima aliyestaafu jembe, wote wanaweza kupimwa na kuambiwa kwamba lehemu yao iko juu. Wengi wao hupewa dawa za kundi linaloitwa statini, kama vile simvastatini, atorvastatini au rosuvastatini, na kuambiwa wameze kidonge kimoja kila siku.

Tatizo huanza hapo. Baadhi ya wagonjwa wakishapata kidonge huona kazi imekwisha. Supu ya makongoro asubuhi, nyama yenye mafuta mchana, chapati zilizolowa mafuta jioni, na kabla ya kulala kidonge kimoja "cha kusafisha". Wengine hufanya kinyume chake. Huacha nyama kwa mwezi mmoja, wakipima wakaona lehemu imeshuka, huacha dawa. Makundi yote mawili yamo hatarini, na mwisho wa hatari hiyo ni kiharusi au shambulio la moyo. Madhara hayo hayamuumizi mgonjwa peke yake, bali huiacha familia nzima bila mtafutaji.

Lehemu ni nini?

Lehemu ni aina ya mafuta laini mfano wa nta. Mwili unaihitaji ili kujenga kuta za chembe hai, kutengeneza baadhi ya homoni, vitamini D, na nyongo inayosaga mafuta tumboni. Kwa hiyo lehemu yenyewe si sumu. Hatari ni kuzidi kwake.

Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa na ini. Sehemu iliyobaki hutoka kwenye vyakula vya wanyama. Mimea haina lehemu, ingawa baadhi ya mafuta ya mimea huweza kuifanya lehemu ya mwilini ipande, kama tutakavyoona.

Kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, lehemu husafiri katika damu ikiwa imebebwa ndani ya vifurushi. Kwenye karatasi ya majibu ya maabara utaona herufi LDL na HDL. LDL ndiyo huitwa lehemu mbaya, kwa kuwa ikizidi hupenya na kujikusanya katika kuta za mishipa ya damu. HDL huitwa lehemu nzuri, kwa kuwa husaidia kuirudisha lehemu kwenye ini. Utaona pia trigliseridi, ambayo ni mafuta mengine ya damu yanayopandishwa sana na sukari, wanga uliozidi, unene na kisukari kisichodhibitiwa.

Lehemu mbaya haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka 20 akiwa analima, anafanya biashara na anaswali jamaa bila kuhisi chochote. Siku utando ulioganda ndani ya mshipa unapopasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Ukizibika mshipa wa moyo ni shambulio la moyo, na ukizibika wa ubongo ni kiharusi.

Statini hufanyaje kazi?

Dawa hizi zina historia ya kuvutia. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, ambaye alifariki dunia mwaka 2024, alichunguza maelfu ya aina za ukungu na kuvu akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa lehemu. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu uliokutwa kwenye mchele. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha statini ya kwanza kutumika hospitalini. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi za Ulaya ya kaskazini kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Katika nusu iliyopewa vidonge visivyo na dawa walifariki watu 256, na katika nusu iliyopewa simvastatini walifariki 182. Tangu hapo shaka ya wataalamu wengi iliondoka.

Kazi ya statini ni kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu. Ini likijiona limepungukiwa, hufungua milango mingi zaidi ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Damu hubaki na lehemu mbaya kidogo. Kwa dozi ya kati, LDL hushuka kwa takriban asilimia 30 hadi 49, na kwa dozi kubwa hushuka kwa asilimia 50 au zaidi. Aidha, dawa hizi husaidia kuutuliza ule utando uliokwishajengeka katika mishipa usipasuke kirahisi.

Kwa nini basi chakula bado kina nguvu?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tumesema statini hulifanya ini lifungue milango ya kuivuta LDL. Mafuta yanayoganda, kama vile samli, siagi, mafuta ya ng'ombe na ya kondoo, hufanya kinyume. Yakiliwa kwa wingi huifanya ile milango ya ini ipungue. Maana yake ni kwamba dawa inafungua, na sufuria inafunga. Mgonjwa analipa fedha dukani ili afunguliwe mlango ambao yeye mwenyewe anaufunga jikoni.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu ana LDL ya 4.8 na daktari amempa dozi inayoshusha asilimia 40. Kwa dawa peke yake atafika takriban 2.9. Akibadili chakula kiasi cha kuishusha LDL kwa asilimia 10, dawa itaanzia 4.3 na kumfikisha 2.6. Lakini akijiachia hadi chakula kikaipandisha kwa asilimia 10, dawa itaanzia 5.3 na kuishia 3.2. Mtu ni yule yule na kidonge ni kile kile, lakini matokeo ni mawili tofauti.

Pengine msomaji atasema, "Basi daktari aniongezee dozi." Wataalamu wamegundua kwamba kila unapozidisha dozi ya statini mara mbili, LDL hushuka kwa nyongeza ya takriban asilimia 6 tu. Kinachoongezeka zaidi ni uwezekano wa madhara, na mara nyingi bei. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba kula vyakula vya jamii ya kunde, kiasi cha gramu 130 zilizopikwa kwa siku, yaani kama robo tatu ya kikombe, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Dengu na choroko za Simiyu zinakaribia kufanya kile kinachofanywa na kuzidisha dozi mara mbili!

Kujisahau huku si kwetu tu. Huko Marekani watafiti walilinganisha ulaji wa watu wanaotumia statini kati ya mwaka 1999 na 2010. Waliokuwa wakitumia dawa mwishoni mwa kipindi hicho walikula nishati zaidi kwa asilimia 9.6 na mafuta zaidi kwa asilimia 14.4 kuliko watumiaji wa mwanzoni, na unene nao uliongezeka. Wasiotumia dawa hawakuonesha badiliko hilo. Inaonekana kidonge huwapa watu matumaini ya kupita kiasi.

"Mbona wazee wetu walikula samli?"

Hili ni swali linaloulizwa sana katika jamii za wafugaji. Wazee wa Kisukuma walikunywa maziwa, walikula nyama na samli, na wengi waliishi umri mrefu. Swali hili halikuachwa bila kuchunguzwa. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani George Mann na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai hapa Tanganyika. Pamoja na kula maziwa na nyama kwa wingi, lehemu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa nadra.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1972 watafiti hao walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliofariki. Walikuta kwamba utando wa mafuta ulikuwepo katika mishipa yao kwa kiasi kinacholingana na cha wazee wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka, hivyo damu iliendelea kupita. Watafiti waliona kwamba huenda kilichowaokoa ni wepesi wa mwili uliotokana na kutembea masafa marefu kila siku.

Ndugu msomaji, jiulize mwenyewe. Babu alikunywa maziwa kisha akafuata ng'ombe kutwa nzima. Wewe unakunywa maziwa hayo hayo kisha unapanda bodaboda hadi dukani, unakaa kwenye kiti hadi Magharibi, na kuongeza juu yake soda na maandazi. Huwezi kuchukua mlo wa babu ukaacha miguu ya babu.

Tuangalie chakula cha kwetu

Mgonjwa wa lehemu wa Simiyu hana haja ya kutafuta vyakula vya kigeni. Karibu kila anachohitaji kipo sokoni.

1. Mafuta ya kupikia. Kipimo rahisi ni hiki: mafuta yanayoganda yenyewe mahali pa baridi ndiyo ya kupunguza, na yanayobaki maji maji ndiyo bora. Samli ina mafuta yanayoganda kwa zaidi ya asilimia 60, ya ng'ombe na mawese karibu asilimia 50, ya nazi zaidi ya asilimia 80. Ya alizeti ni asilimia 10 hadi 12 tu, ya ufuta takriban 14, ya karanga chini ya 20, na ya pamba takriban asilimia 26.

Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba, hivyo mafuta ya pamba hayakosekani. Ni bora kuliko samli au mawese, lakini yako nyuma ya alizeti. Zaidi ya hapo, mafuta ya pamba ambayo hayajasafishwa kiwandani huwa na kemikali iitwayo gosipoli, ambayo ina madhara mwilini. Kwa hiyo usinunue yaliyokamuliwa tu bila kusafishwa.

Nyumba zenye asili ya Pwani huzoea nazi na zenye asili ya Kigoma huzoea mawese. Si lazima kuviacha kabisa. Tui jepesi mara moja kwa wiki ni tofauti na tui zito kila siku.

Hata mafuta mazuri yana kiasi. Kijiko kimoja kikubwa kina nishati ya kalori 120, na unene huharibu mafuta ya damu. Mama anayepika apime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Aidha, mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi yasitumike tena, na mafuta magumu ya kopo yaliyogandishwa kiwandani yaepukwe kwa mgonjwa wa moyo.

2. Nyama. Nyama haijaharamishwa kwa mgonjwa wa lehemu. Suala ni sehemu gani na kiasi gani. Nundu, mafuta ya tumboni, mkia wa kondoo na mbavu zenye mafuta ndizo za kuacha. Steki iliyoondolewa mafuta, kiasi cha kiganja kisichohesabiwa vidole, mara mbili au tatu kwa wiki, haina tatizo kwa wagonjwa wengi. Kuku aondolewe ngozi. Maini na figo ziliwe kwa nadra, na ubongo uachwe kwa kuwa unaongoza kwa wingi wa lehemu.

Kwa anayependa supu, iko njia. Chemsha jioni, iache ipoe usiku, na asubuhi utaona mafuta yameelea na kuganda juu. Yaondoe kwa kijiko, kisha pasha supu yako moto.

3. Maziwa na mayai. Kikombe kikubwa cha maziwa yasiyotolewa mafuta kina takriban gramu 5 za mafuta yanayoganda. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina zaidi ya gramu 8. Mtu mwenye lehemu ya juu hutakiwa asizidi takriban gramu 15 kwa siku. Kwa hiyo vikombe viwili vya maziwa na kijiko kimoja cha samli tayari vimemaliza fungu lake hata kabla ya kugusa nyama. Chemsha maziwa, yaache yapoe, na ondoa utando wa juu. Maziwa ya mgando yaliyotolewa mafuta ni mazuri.

Mayai yametiliwa chumvi mno katika mazungumzo. Lehemu ya kwenye kiini hupandisha lehemu ya damu kwa kiasi kidogo kuliko mafuta yanayoganda. Hata hivyo, kwa mwenye lehemu ya juu au kisukari, mayai matatu hadi manne kwa wiki yanatosha, tena ya kuchemsha.

4. Nafaka na mizizi. Ugali wa dona, wa mtama au wa uwele una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe nyeupe. Michembe na matobolwa ni vyakula vyema visivyo na mafuta. Lakini tahadhari ni wingi wake. Mlima wa ugali na kipande kidogo cha mboga hupandisha trigliseridi na unene, na mwenye kisukari huathirika zaidi. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, na robo kitoweo.

5. Jamii ya kunde. Dengu, choroko, kunde, maharage na mbaazi ndivyo vyakula bora kabisa kwa mgonjwa wa lehemu. Vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hunasa nyongo katika utumbo na kuitoa na choo. Ini hulazimika kutumia lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Ajabu ni kwamba mazao haya tunayalima na kuyauza kwa magunia, kisha tunarudi nyumbani kutafuta nyama. Kikombe kimoja kibaki nyumbani!

6. Mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri angalau gramu 400 kwa siku. Bamia na mlenda, ule utelezi wake ndio nyuzinyuzi tunazozisema. Nsansa, yaani majani makavu ya kunde, ni akiba nzuri ya kiangazi. Ila mlenda uliopikwa na karanga nyingi na kuongezewa samli hupoteza sehemu ya faida yake. Kiganja cha karanga zisizokaangwa kwa mafuta wala kutiwa chumvi ni kitafunio kizuri.

7. Samaki. Watu wa Busega wana Ziwa Victoria mlangoni, na dagaa na sato hufika hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Mafuta ya samaki hushusha zaidi trigliseridi kuliko LDL, lakini kila unapoweka samaki mahali pa nyama ya mafuta unapata faida mara mbili. Mpike mchuzi au mchome, usimzamishe kwenye mafuta. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe, kwa sababu wagonjwa wengi wa lehemu wana shinikizo la damu pia.

Vitu vinavyogombana na dawa

Tunda linaloitwa balungi halifai kwa anayetumia simvastatini, na anayetumia atorvastatini asilitumie kwa wingi. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa hizo, hivyo dawa hujaa kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa na kuhatarisha misuli. Athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, hivyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii. Danzi nalo lina kemikali za jamii hiyo. Machungwa ya kawaida na machenza hayana tatizo.

Vilevile mwambie daktari au mfamasia kwamba unatumia statini kabla ya kupewa erithromaisini, klarithromaisini, dawa za kumeza za fangasi, au baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Anayetumia amlodipini ya shinikizo la damu asizidishiwe simvastatini juu ya miligramu 20. Wagonjwa wetu wengi hununua dawa duka hili leo na duka lile kesho, na hakuna muuzaji anayejua zote anazomeza. Beba vidonge vyako au karatasi yake kila unapokwenda.

Kuhusu asali na habbat sauda, vitu hivi vina heshima yake katika mafundisho ya Mtume (SAW), na Mtume huyo huyo ametuhimiza kujitibu. Tafiti kadhaa zimeonesha habbat sauda hushusha lehemu kwa kiasi kidogo. Iwe nyongeza kwenye chakula, isiwe sababu ya kuacha dawa kwa mtu aliyekwishapata shambulio la moyo. Asali ni sukari, na mwenye kisukari au trigliseridi ya juu aichukue kwa tahadhari. Ama mitishamba ya kuchemsha isiyojulikana kipimo wala viungo vyake, huweza kuliumiza ini ambalo ndilo linaloshughulikia dawa yako.

Ramadhan na Idd

Mwezi wa Ramadhan baadhi ya wagonjwa huacha statini wakidhani saumu na dawa haviendi pamoja. Dawa hii humezwa mara moja tu kwa siku. Simvastatini humezwa usiku, hivyo inafaa baada ya futari au kabla ya kulala. Atorvastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote ile, alimradi usibadilishebadilishe. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo uliochoka amuulize daktari wake kabla ya kufunga, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na dini yake.

Kinachoharibu zaidi ni meza ya futari. Sambusa, bagia, kalmati, maandazi na chapati za mafuta vikikusanyika pamoja kila siku kwa siku 30, mtu humaliza mfungo akiwa ameongezeka uzito na lehemu. Tende chache, maji, uji usio na sukari nyingi, mchuzi wa choroko, viazi au magimbi ya kuchemsha, mboga na samaki ni futari kamili. Kitu kimoja cha kukaanga kinatosha. Qur'an Tukufu katika Surat al-A'raf, aya ya 31, imekataza israfu katika kula na kunywa, na katazo hilo halina msimu.

Idd el-Hajj nyama hujaa nyumbani. Mgonjwa ale fungu lake lisilo na mafuta, na zaidi ya hilo ligawiwe. Kugawa ndilo lengo la udhhiya, na ni afya kwa mwenye kugawa.

Misuli ikiuma

Watumiaji wengi wa statini hawapati madhara makubwa. Wachache hupata maumivu ya misuli, na wengine sukari yao hupanda kidogo. Kwa mwenye hatari ya moyo, faida bado huzidi. Ukipata maumivu, usiache dawa kimya kimya. Rudi kwa daktari, kwani anaweza kupunguza dozi au kubadili aina. Lakini ukipata maumivu makali ya mwili mzima pamoja na udhaifu na mkojo wa rangi ya chai nzito, au macho kuwa ya njano, acha kumeza na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mama mjamzito, anayetarajia kubeba mimba au anayenyonyesha amweleze daktari mapema, kwani kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Kupima

Baada ya kuanza dawa au kubadili dozi, pima tena baada ya wiki 4 hadi 12, kisha mara moja au zaidi kwa mwaka kama daktari atakavyoona. Kwa mtu mwenye afya, LDL inatakiwa kuwa chini ya 3.0. Kwa aliyekwishapata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, wataalamu hutaka ishuke chini ya 1.8, na wengine chini ya 1.4. Kwa hiyo usilinganishe majibu yako na ya jirani.

Majibu yakiwa mazuri, hiyo ni dalili kwamba dawa na chakula vinafanya kazi. Si dalili ya kupona. Ukiacha dawa, lehemu hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache.

Kwa ufupi

- Meza dawa kila siku, na usiiache bila ushauri wa daktari.
- Badili samli na mafuta ya kuganda kwa alizeti au ufuta, tena kwa kijiko.
- Kula dengu, choroko, kunde au maharage kila siku.
- Ondoa mafuta kwenye nyama, supu na maziwa.
- Punguza sukari na soda. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku.
- Tembea kwa haraka angalau dakika 30, siku tano kwa wiki. Kwenda na kurudi msikitini kwa miguu kunaingia katika hesabu.
- Acha sigara na tumbaku kabisa.

Mwisho, tunawaomba wanafamilia wasimtengee mgonjwa sufuria yake kana kwamba ametengwa. Chakula tulichokieleza hapa kinamfaa baba, mama na watoto wote. Watoto wa mtu mwenye lehemu ya juu huenda wamerithi tatizo hilo hilo, hivyo mabadiliko ya jikoni leo ni kinga yao ya kesho. Baba asimlaumu mama kwa mchuzi usio na samli, bali amshukuru, kwani anailinda roho yake.

Tunamuomba Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie siha njema. Wabillahi tawfiq.